Vitabu vya Wageni

Huku kwetu Uvira kila mama ana sahani za wageni. Zinakaa kabatini na maua yake, na watoto wanakula kwenye za plastiki mpaka wanaoa. Kwa sahani sigombani na mtu, hata mimi ninazo. Lakini kufanya vile kwa vitabu vya watu wote, hapana. Hasira ile sijaimeza mpaka leo.

Baba yangu alikuwa mkulima wa mpunga Luberizi. Miguu ilipomkatalia nikamleta kwangu, akalala chumba cha mbele, uso kwenye ukuta. Kusoma hakujifunza. Redio aliniambia niizime, kila siku ni vita. Chakula alikigusa tu. Siku moja nikaazima kitabu cha hadithi biblioteki ya mtaa, nikamsomea, akageuka. Tangu hapo akawa anamaliza ugali wake, maana alijua baada ya ugali ninafungua kitabu.

Kuchagua alichagua mwenyewe, kwa njia ya shamba. Mpunga ukishaanikwa, wewe unauma punje moja tu kwa meno. Ikivunjika kwa mlio, umekauka wote. Basi mimi nilimsomea ukurasa wa kwanza. Akisema "Endelea", kitabu kinabaki. Akigeukia ukuta, kesho yake ninakirudisha.

Tukamaliza rafu nzima. Vikabaki vya sheria, na vya kahawa kwa Kifaransa, vimeliwa na mchwa. Na wakati huo huo hadithi mpya za Kiswahili zilikuwa pale mbele ya macho yangu, ndani ya kabati la vioo, na kufuli juu yake.

"Papa, unifungulie hapa," nilimwambia mwangalizi wa biblioteki.

"Hizo hapana, mama. Hizo ni za wakati wageni wanakuja."

"Wageni wanakuja kusoma?"

"Wanakuja kuona kama iko vitabu. Nikiwapa ninyi, mutazichana mufungie karanga."

Mimi, nifungie karanga! Nilirudi kumwomba, nikarudi tena. Nyumbani baba alikuwa ameshageukia ukuta, na sahani yake inarudi jikoni imejaa. "Kimepatikana?" ananiuliza. Bado, baba. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa wa kwetu hata usiku mmoja hawalali, na bado vitabu ni vyao.

Siku wageni walipofika na magari yao nilikuwa pale, nimekuja kuomba. Kabati likafunguliwa. Mwangalizi yule yule akanishika mkono, akanikalisha mezani, akanitia kitabu mikononi.

"Soma, mama, wakupige foto."

Basi nikasoma. Wao walipiga foto zao, mimi nikasoma kweli. Humo mwanamke anarudi kwake, kuku chini ya kwapa, anakuta mlango wake umepakwa rangi nyingine, na mtu asiyemjua anamfungulia. Nilikuwa nageuza ukurasa magari yalipoondoka.

"Leta," akasema mwangalizi.

"Papa, baba yangu hali chakula. Niazime hiki kimoja."

Alikivuta. Akatoa kitambaa mfukoni, akafuta jalada pale vidole vyangu vilipokuwa, akakirudisha kabatini na kufunga kufuli.

Nilitembea moja kwa moja mpaka nyumbani. Viatu sikuvua. Nilikaa kando ya kitanda, nikamwambia baba ule ukurasa kama nilivyoukumbuka, yule mwanamke, kuku, mlango, yule mtu. Baba akageuka polepole. Akajiinua kwa kiwiko, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu tumalize rafu, akanitazama.

"Endelea," akasema.

Jua lilikuwa bado juu, biblioteki haijafungwa. Nilimwambia anisubiri kidogo. Nikapita jikoni, nikachukua mchi wa kutwangia majani ya sombe, nikarudi kule kwenye kabati la vioo.