Onja Wewe Kwanza

Wenzangu tuliorudi na malori tukiwa watoto, mnakumbuka tulivyoshukiwa? Mimi nakumbuka vizuri sana, na nitasema jambo ambalo binti yangu hulichekea: ningependa kushukiwa tena. Sizungumzii kushukiwa na askari wala na mtu wa ofisini. Nataka jirani anitazame kwa jicho la pembeni, ajiulize nimebeba nini kwenye kapu na nimebeba kwa ajili ya nani. Siku hizi watu wote ni wema, wote wanatabasamu, na mimi mtu anayetabasamu bila kuniuliza swali hata moja huwa namwogopa.

Tulitoka kambi ya wakimbizi upande wa Kibondo, Tanzania, ambako mimi nilizaliwa, tukateremshwa Gitega, Burundi, na masufuria yetu na mbuzi mmoja aliyetapika njia nzima. Kutoka hapo tukaenda Bukirasazi, kwenye kilima alichokiacha Baba akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Shamba letu tulilikuta, ila lilikuwa na mtu. Mjane mmoja aitwaye Daforoza aliwekwa pale wakati wa vita, akajenga nyumba ya matofali mabichi, akapanda migomba, akalea binti yake Imelda. Hakuwa mwizi, na sisi hatukuwa wezi, lakini kila upande ulimtazama mwenzake kama mwizi aliyepata bahati.

Wazee wanaoamua kesi za kilima, bashingantahe, walikaa wakasema shamba ligawanywe katikati. Ila maneno matupu hayatoshi kwetu. Ili mapatano yahesabike, sisi tuliorudi ilibidi tutoe pombe, na Daforoza ainywe mbele yao. Akishakunywa, tunaruhusiwa kujenga. Asipokunywa, tunaendelea kulala chini ya shitingi, yale maturubai ya plastiki ya kambini, na msimu wa mvua ulikuwa unakaribia. Mama alikuwa na kitoto kichanga mgongoni. Hata mimi niliyekuwa mdogo nilielewa kwamba nyumba yetu iko kwenye koo la yule mjane.

Basi Baba akatafuta urwarwa, ile pombe ya ndizi, mtungi mzima. Mama akavaa kitenge chake kizuri, akajaza kibuyu, akapiga magoti, akampa Daforoza kwa mikono miwili, kisha akarudi nyuma kinyumenyume kwa heshima zote tulizofundishwa Tanzania. Daforoza alikishika kile kibuyu, akakitazama, akamtazama Mama, akakiweka chini. Akaanza kuangalia kuku. Wazee nao wakatazamana, wakakohoa, wakachukua fimbo zao wakaondoka. Baba alibaki amesimama na mtungi wake kama mtu aliyekimbiwa siku ya harusi.

Mama hakuelewa amekosea wapi. Mimi ndiye niliyepata jibu, tena kisimani, kutoka kwa Imelda. Tulikuwa bado hatuongei vizuri, maana watoto wa pale walituita Waswahili, na kwa kilima kile neno hilo halikuwa sifa, lilimaanisha mjanja anayekuuzia kuku wako mwenyewe. Imelda akanisogelea akaniuliza:

"Konso, mama yako kwa nini anaogopa pombe yake? Iko na nini ndani?"

Ndipo nikajua. Kumbe Burundi mwenye nyumba huonja kwanza. Wanaita gusogongera. Unajaza, unapiga funda moja mgeni akikuona, ndipo unampa, ili moyo wake utulie kwamba hukumwekea kitu. Sisi kambini tulilelewa kinyume kabisa. Mwenyeji akitangulia kuonja cha mgeni tulimwita mlafi, na Mama alishawahi kunizaba kofi kwa kulamba kijiko kabla mchungaji hajala. Kwa hiyo pale uwanjani Mama alidhani anaonyesha adabu, na Daforoza aliona mwanamke anayempa sumu kwa magoti.

Nilipomweleza Mama, alilia. "Mimi? Nimuue mtu mbele ya wazee?" Kisha hasira ikaingia mahali pa machozi. "Na hiyo ya kuonja sitafanya. Nimtemee mgeni mate kwenye kibuyu, waseme Mama Konso hana haya?" Baba alimbembeleza. Nilikuwa nasikia upepo ukipiga ile shitingi na nilitamani sana ukuta.

Baada ya siku chache wazee walirudi. Mama akajaza kibuyu, akapiga magoti, akampa Daforoza vilevile kama mara ya kwanza, shingo ngumu. Safari hii Daforoza hakuangalia kuku. Alikuwa na Kiswahili chake alichokiokota sokoni Gitega, akakitumia:

"We Mama Konso, pombe iko muzuri?"

"Nzuri sana, dada."

"Basi kunywa we kwanza. Mi siwezi kunywa kitu yenye mwenyewe anaogopa."

Mama alikipokea kile kibuyu, na badala ya funda moja alikinywa chote. Alikunywa mpaka tukaona shingo yake ikitetemeka, yeye ambaye hakuwa mnywaji, akakigeuza juu chini mbele ya kila mtu, kikabaki kikidondosha tone moja tu. Wazee wakacheka. Daforoza hakucheka. Alisema, "Ee, nimeona. Lakini umekunywa ya juu ya mtungi. Ile ya chini je?" Mama akachota ya chini, akanywa nusu, akampa nusu. Daforoza akafumba macho, akanywa. Baba akakaa chini palepale kwenye majani, akafunika uso kwa mikono, na mimi nikamkimbilia nikidhani anaumwa.

Tukajenga. Katikati ukapandwa ua wa minyaa, na ndipo maisha matamu yalipoanza, maisha ya kushukiana. Daforoza alijua tumepika nini kabla hatujaepua. Mama naye alijua nani amemtembelea Daforoza, amekaa muda gani, ametoka na uso wa namna gani. Daforoza akileta isombe, yaani kisamvu, alikula kijiko kimoja mlangoni, mdomo wazi tuone anameza. Tukipeleka ndagala, dagaa wa kwetu, Mama alifanya vivyo hivyo. Mimi na Imelda tuliiga wakubwa: kiazi kilichookwa kwenye majivu nilikiuma kwanza mimi, parachichi akaliuma kwanza yeye, na nikwambie, kitu kilichoumwa na mwenzako kina ladha ambayo haipatikani kwenye sahani yako peke yako. Shuleni walimu walitushuku pia. Waliturudisha madarasa ya chini kwa sababu hatukujua Kifaransa, wakatuchunguza kila tulipofunua vinywa, na ndiyo maana mpaka leo najua kunyambua vitenzi vya Kifaransa kuliko watoto wanaojiita wasomi.

Siku moja, Baba akiwa amesafiri, Mama hakuamka. Sisi watoto tulidhani amechoka. Tukakaa kimya tusimsumbue, tukitafuna ndizi mbichi. Jua lilipopanda, Daforoza akaja mbio amekasirika:

"Kwa nini hamujawasha moto? Munaficha nini humu?"

Alikuwa na hakika tunakula nyama kwa siri. Akaingia mpaka chumbani bila hodi, akafunua sufuria, akalikuta tupu, ndipo akamwona Mama anatetemeka kwa malaria na kuongea na watu wasiokuwapo. Alipiga yowe kilima kizima kikaja. Wakambeba kwenye kitanda cha vijiti mpaka kituo cha afya, Daforoza akikimbia pembeni na kitoto chetu mgongoni. Mama alipopona alikwenda kumshukuru, na yule mama hakukubali shukrani. "Mi nilifikiri munakula nyama," alisema.

Leo naishi Muyinga, karibu na soko. Nina geti la chuma na jirani mlango wa pili ambaye jina lake silijui. Binti yangu ana marafiki wengi kwenye simu mpaka betri inalalamika, harusini anapokea jusi kwa mtu yeyote na kuinywa bila kuangalia imetoka wapi, na mimi nikiuliza ananiambia, "Mama, franchement, kwa kweli unashuku watu sana." Ndiyo, nashuku. Mtu mwenye kunishuku hapa mjini ni mmoja tu, mzee wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, ambaye hunifuata kwa macho kutoka mlangoni mpaka kwenye rafu na kuniuliza mume wangu hajambo, mbona haonekani. Nampenda yule mzee. Naingia dukani kwake hata kama sina haja ya kitambaa.

Baba alipofariki, nilimleta Mama kwangu. Nilimpa chumba chenye dirisha, kitanda kizuri, televisheni. Kila asubuhi alikaa getini kwenye kiti. Jirani alipita, akasema, "Salama Mama, karibu sana," akaenda zake. Kesho yake hivyohivyo. Mama alikuwa akimsindikiza kwa macho mpaka kona.

"Yule hataki kujua mimi ni nani," aliniambia.

"Anakuheshimu, Mama."

"Heshima gani hiyo? Sijaulizwa hata nimekuja kufanya nini."

Haukupita muda akafunga vitenge vyake. Nilimsihi, nikakasirika, nikamwambia atakufa peke yake kule kijijini na watu watanilaumu. Akanijibu taratibu, kama anaongea na mtoto: "Hapa nikianguka chumbani mtasema Mama amepumzika. Kule nikichelewa kufungua mlango, Daforoza atasema nina siri, na atauvunja."

Nilimpeleka mwenyewe. Hatujafika hata uani, Daforoza alishatokea kwenye ule ua wa minyaa, amezeeka, anategemea fimbo, macho yaleyale. Hakusalimia. "Ulikuwa wapi? Nani alikunenepesha hivyo? Na huyu Konso anakurudisha kwa nini, mumegombana?" Mama alijibu swali moja baada ya lingine, mengine akayajibu mara mbili, na uso wake ulichanua namna ambayo chumba changu chenye dirisha hakikuweza kuuchanua. Niliona wivu, sitaficha. Walikaa kizingitini wakachunguzana mpaka nikaondoka, na sidhani kama walijua nimeondoka.

Nilipofika Muyinga nilikumbuka kwamba siku za kabla ya safari kwa jirani kulikuwa na mtoto aliyekuwa akilia sana, halafu sauti ikakatika. Sijui alipona au walimpeleka kwa bibi yake, au ni mengine. Ukuta wetu ni mmoja. Asubuhi nilikutana na mama yake getini, macho yamevimba. Nilikuwa na swali mdomoni. Akaniambia amani, salamu yetu ya kila siku, nikamwambia amani, kila mtu akafunga geti lake.