Kuku Mwenye Uzi Mwekundu

Juzi, nikiwa katika duka moja la Kariakoo lenye friza jipya la kuku wa kutoka nje, aliingia mama wa makamo amebeba tetea aliyechinjwa na kunyonyolewa muda huo huo. Binti yake amejifungua, amepoteza damu nyingi, na Jumamosi anatoka hospitali.

"Mama, si ungechukua hawa?" alisema muuzaji, akifunua friza.

"Hao? Mwanangu hali maiti ya barafu. Anataka supu ya kuku mbichi."

"Sasa huyo atakaaje mpaka Jumamosi?"

"Ningemfuga, ila mwenye nyumba hataki kuku uani. Ndiyo maana nimekuja kwako, baba. Nihifadhie humo."

Muuzaji alimpokea kuku, akamlaza juu ya wenzake. Mama akamzuia mkono. Akavuta uzi mwekundu kwenye pindo la khanga yake, akaufunga mguuni mwa kuku. "Asije akachanganyika na wale wa barafu."

Wasomaji wa safu yangu ya afya huniuliza kipi bora, kibichi au cha friza. Jibu ninalo, tena refu. Lakini mama aliniomba nikandamize fundo kwa kidole ili likaze, nikalikandamiza.