Dirisha la Vioo Viwili Nililomwekea Bibi Ihanja, na Salamu Zilizobaki Nje

Wakuu wa ukurasa huu wa wasomaji, nawasalimu wote mlipo. Mlionizidi umri, shikamooni. Wa rika langu, habari za mihangaiko.

Mimi nimekuwa msomaji wa kimya kwa muda mrefu. Gazeti likifika kwa fundi wangu nalisoma mpaka matangazo ya baiskeli. Naona uzi wa mazungumzo miezi hii ni habari za nyumba. Mwezi uliopita ndugu mmoja wa Kiomboi alieleza alivyoezeka bati mwenyewe, mvua ya kwanza ikanyesha ndani kuliko nje. Nilicheka mpaka fundi akaniuliza kama naumwa.

Basi na mimi nina langu la nyumba. Sitatia chumvi, maana halina haja ya chumvi. Mengi niliyafanya kwa mikono yangu hii, ndiyo maana yananiuma.

Niseme mapema kwa nini naandika. Kuna mama mmoja amehama na kinyongo moyoni, anaamini rafiki yake wa miaka yote alimdharau. Hakudharauliwa. Kosa ni langu mimi na dirisha langu. Namtafuta mama huyo.

Mhariri tafadhali usinikate, nitajitahidi kuwa mfupi.

Jina langu Athanasi, mtoto wa kijiji cha Ihanja. Shule nimeishia darasa la nne. Nafanya kazi kwa seremala mmoja hapa Singida mjini, upande wa Utemini, Mzee Athumani, mtu mpole ila ulimi wake una randa.

Ndoto zangu ni nyingi, mnisamehe. Siku nyingine naona nyumba yangu ya baadaye ina vioo pande zote, naamka nakuta nimelala kwenye maranda.

Sasa sikilizeni.

Kulikuwa na Bwana mmoja Mzungu, msimamizi wa ujenzi wa barabara, aliyekaa kwenye zile nyumba za serikali. Alitoka nchi ya baridi, lakini mkewe alishindwa na upepo wetu. Mnaoishi Singida mnaujua upepo wetu. Ukitoka mashariki na vumbi lake, hata mbuzi wanageuza migongo.

Bwana yule akatengenezewa dirisha la chumba cha kulala, la aina ambayo sijaiona popote. Kioo cha nje, kioo cha ndani, katikati nafasi ya upana wa kidole, pande zote pamezibwa. Yeye aliliita dabo glasi. Halifunguki. Linaleta mwanga tu, basi.

Alipohamishwa akaja Bwana mwingine. Huyu alilala siku mbili mle ndani, akasema anajiona kama amelala kwenye chupa. Akaagiza litolewe, liwekwe dirisha la kufunguka lenye wavu wa mbu. Kazi akapewa Mzee Athumani.

Tulilichomoa zima zima, fremu na vioo vyake, halikupata hata ufa. Bwana mpya alisema hana kazi nalo, tulipeleke tunakotaka.

"Fremu nitapata kuni," fundi akasema. "Vioo tutavikata."

"Mzee, nipe mimi."

"Ulipeleke wapi?"

"Kwa Bibi, Ihanja."

"Bibi yako ameanza lini kusikia baridi ya Ulaya?"

Nilicheka, lakini moyoni nilikuwa nimeshaliona dirisha limekaa ukutani kwa Bibi.

Niwaeleze habari za Bibi yangu. Ndiye aliyenilea. Anakaa kwenye tembe yetu ya zamani pamoja na mke wa mjomba. Miguu imekataa, hatoki bila kushikwa. Macho yameingia ukungu, anaona kivuli cha mtu lakini hajui ni nani mpaka umsemeshe.

Chumba chake kina dirisha moja dogo linalotazama njia ya kisimani. Lilikuwa na ubao wa kufunga. Akiufungua, vumbi na upepo vinaingia, anakohoa mpaka machozi. Akiufunga, anakaa gizani mchana kutwa kama mtama ghalani.

Mimi kijana wake, ninayeishi na vioo kila siku, ningewezaje kuvumilia?

Nikalifunga dirisha kwenye blanketi langu, nikapanda lori la magunia, nikalipakata mpaka Ihanja kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Kila shimo la barabara lilikuwa sala.

Ilikuwa Oktoba, upepo umekasirika kweli. Nilifanya kazi siku mbili. Nikapanua tundu, nikasimamisha fremu, nikaziba mianya kwa udongo uliochanganywa na nyasi na samadi. Vioo nikaviongezea puti ya dukani, ile ya kuzibia kingo za kioo, niliyopewa na fundi.

Kisha nikawasha kiberiti, nikakizungusha pembeni mwa fremu yote. Moto haukutikisika. Wakuu, nilijisikia kama nimejenga daraja!

Bibi akaweka kiganja kwenye kioo. Jua lilikuwa linamwangukia mapajani.

"Joto linaingia, upepo umebaki," akasema. "Umelifanyaje hili, Athanasi?"

Sijawahi kusifiwa hivyo maishani.

Kijiji kizima kilikuja kuona. Kioo cha kwanza cha njia ile! Wasichana wakitoka kisimani wanasimama, wanatua ndoo, wanajitazama, wanafunga vilemba upya. Wazee nao, wanajifanya wanaangalia ufundi, kumbe wanaangalia ndevu.

Mimi nikaingiwa na hofu. Nikawaambia wote waliokuwepo, tena kwa sauti: "Jamani, tazameni, lakini msiguse. Kioo hiki kikivunjika hakuna kingine."

Neno hilo nalijutia kuliko yote.

Sasa niwaambie kitu ambacho nilikuwa nakijua tangu utoto, ila siku ile akili yangu ilikwenda likizo.

Dirisha lile ndilo lilikuwa baraza la Bibi. Kila apitaye njia ya kisimani alikuwa anamsalimu kupitia pale. Shikamoo, marahaba, mmeamkaje, ng'ombe wamepona. Hata ubao ukifungwa, sauti zilipenya, naye alijibu kutoka gizani. Alijua nani kajifungua na nani kagombana na mumewe bila kuinuka kwenye kigoda.

Na kulikuwa na Mama Ramadhani.

Huyu alitoka Iramba akaolewa kwetu, Mwislamu, na Bibi ni Mkristo. Walipatana tangu ujana wao. Ni mrefu, anavuta ugoro, na kicheko chake hufika kabla yake. Kila asubuhi alisimama dirishani pale.

"Bado hujafa wewe?"

"Nitakufaje na hujanirudishia ungo wangu?"

"Ungo gani? Ule uliotoboka?"

"Ulitoboka kwako!"

Hapo wanacheka mpaka mke wa mjomba analalamika kwamba anashindwa kusali. Mimi nimekulia ndani ya vicheko hivyo. Nikaja nikaviziba kwa udongo na puti.

Nilirudi Singida nikiimba.

Mvua zikaanza, watu wakaingia mashambani. Mke wa mjomba alikuwa anaondoka alfajiri anarudi jua likizama, Bibi anabaki peke yake na mwanga wake.

Kati ya Krismasi na mwezi wa pili, nilikutana sokoni Singida na jirani yetu Elia, alikuwa ameleta kuku.

"Bibi yako siku hizi amekuwa Mzungu kamili," akaniambia.

"Kwa vipi?"

"Anasalimiwa, anatazama tu. Watu wanapita, shikamoo, shikamoo, yeye kimya nyuma ya kioo chake. Mlimwekea dirisha au mlimpa cheo?"

Wakuu, nilicheka. Nilidhani ni utani wa watu wanaotamani kioo. Nikamwambia, "Mwambie mkeo akufulie shati, ndipo Bibi akujibu." Nikaenda zangu. Nilikuwa naambiwa ukweli mtupu, mimi nautafuna kama karanga.

Pasaka nikapata ruhusa ya kwenda nyumbani.

Nilipofika sikuzunguka mlangoni. Nilitaka nimshtue Bibi kwa furaha, nikaenda moja kwa moja dirishani. Alikuwa amekaa, shavu limelala kwenye kiganja. Amekonda.

"Bibi, shikamoo!"

Kimya. Uso umeelekea kwangu.

"Bibi! Ni mimi Athanasi! Shikamoo!"

Hakuna hata kope iliyocheza. Kwenye kioo nikajiona mimi mwenyewe, mdomo wazi, na nyuma ya sura yangu Bibi ananitazama kama anavyotazama ukuta.

Nikakimbilia mlangoni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu! Umefika saa ngapi? Mbona kimya kimya?"

Nilikaa chini pale pale sakafuni.

Nikamuuliza habari za watu. Akajibu taratibu, bila lawama, na hilo ndilo lililonikata. Alisema watu wamemchoka. Alisema haoni ajabu, mzee asiyetoka ni mzigo, kumsalimia kila siku ni kazi. Tangu mvua za kwanza hakuna aliyemwamkia dirishani.

"Na Mama Ramadhani?"

"Hata yeye."

Mke wa mjomba alikuwa amemsikia akisema hivyo, na nje alikuwa amesikia watu wakisema Bibi ana maringo. Alidhani ni uzee umeingia kichwani. Alikuwa anarudi amechoka, hakuunganisha maneno hayo mawili. Simlaumu. Mimi niliyelijenga sikuyaunganisha.

Nikatoka kumtafuta Mama Ramadhani. Nyumba yake imefungwa.

Nikaenda kwa Elia. Aliponiona uso, utani wote ukamtoka. Akanieleza.

Mwezi wa pili, Ramadhani, yule mwanawe anayefanya kazi ya reli Itigi, alimtuma mtu aje amchukue mama yake akakae naye. Lori lilisimama barabarani, Elia akabeba mzigo wake. Mama Ramadhani akasema hawezi kuondoka bila kuaga, hata kama mwenzake amemchukia. Akaenda dirishani, Elia nyuma yake na mzigo kichwani.

"Alimwambia, Mwenzangu, naondoka. Mwanangu ameniita. Kama nimekukosea, niambie nikuombe radhi," Elia akasema. "Bibi yako anamtazama tu. Akapiga hodi. Kimya. Akapiga ya pili. Ya tatu. Nikamwambia, gonga kioo, mama. Akasema hapana, mjukuu wake alikataza kisiguswe."

"Kwa nini hakuzunguka mlangoni?"

Elia akanitazama kama mjinga. "Mtu umempigia hodi tatu anakuona, anakunyamazia, wewe utaingia kwake kwa mguu gani?"

Lori likapiga honi. Akaondoka.

"Na wewe hukumwambia Bibi?"

"Nimwambie nini? Mimi nilijua ameona kila kitu."

Nilirudi na Elia mpaka chumbani kwa Bibi. Tukamweleza yote. Alisikiliza mikono ikiwa mapajani, kwenye lile lile jua nililomletea.

"Kumbe alikuwa yeye," akasema. "Niliona kivuli kimesimama sana siku hiyo. Nikajua ni mtu anajitazama. Wote huja hapo kujitazama."

Kisha akamgeukia Elia.

"Alipiga hodi ngapi?"

"Tatu, Bibi."

"Zote tatu," akasema.

Saa ile ile nilichukua sululu, nikalitoa dirisha. Udongo niliousifu ulikuwa mgumu kama saruji, mkono ukachubuka, sikujali. Lilipotoka, upepo ukaingia, na kwa mbali sauti za wanawake kisimani. Bibi akainua kichwa.

Nikachonga ubao mpya, wa zamani nilikuwa nimeuchoma kuni kwa furaha zangu. Elia akapita nyumba kwa nyumba kueleza. Kesho yake asubuhi salamu zilikuwa foleni. Wengine walilia, wengine walimtania kwamba amerudi kutoka Ulaya. Bibi alijibu wote. Anakohoa, lakini anajibu.

Ila kila asubuhi wapitaji wakiisha, anabaki ametega sikio kwa muda.

Nilikwenda Itigi. Nikaambiwa Ramadhani amehamishiwa kituo kingine njia ya reli. Mmoja akasema upande wa Tabora, mwingine akasema upande wa Manyoni. Barua niliyotuma imerudi. Kazi ikaniita.

Wakuu, funzo langu ni hili, na nimelilipia kwa kitu kisicho changu. Kabla hujamtengenezea mtu unayempenda kitu kizuri, kaa naye siku nzima uone anakitumiaje kile kibovu alicho nacho. Mimi nilipima mwanga, nikapima upepo kwa kiberiti. Sauti ya mtu sikuipima. Ilikuwa kazi ya dakika moja tu, kutoka nje na kusema shikamoo.

Vioo bado ninavyo, vimeegemea nyuma ya mlango wa karakana. Fundi ameacha kunitania juu yake. Mwenye kujua dawa nyingine ya vumbi na upepo kwa mzee anayekohoa, isiyoziba masikio, aniandikie kupitia ukurasa huu. Na mwenye kunisema, aniseme, nitasoma yote.

Lakini kwanza nawaomba ninyi ndugu zangu wa reli, kuanzia Manyoni, Itigi mpaka mbele huko. Najua gazeti hili linawafikia na mnawasomea wasiojua kusoma. Mkimwona Mama Ramadhani, mrefu, anayevuta ugoro, aliyetoka Ihanja mwezi wa pili, mkalisheni chini mumsomee.

Mwambieni siku ile hakuna neno lake hata moja lililoingia ndani.

Nilimuuliza Bibi niandike nini kwa niaba yake. Nilikuwa nimeshika kalamu tayari kwa barua ndefu. Alifikiri, akasema niandike neno moja, nilirudie mara tatu.

Karibu. Karibu. Karibu.