Mama Mkwe Juu ya Daraja Langu

Bruda, mtawa wa Kizungu aliyesimamia karakana ya misheni, alikuwa na mtihani mmoja tu, na hakutaka kusikia habari za kusoma wala kuimba. Anayetaka kuingia ufundi ajenge kidaraja cha miti juu ya kijito, kisha asimame chini yake, majini, watu wakipita juu. "Asiyeweza kukaa chini ya kazi yake," alisema kwa Kiswahili chake cha kukwaruza, "asiwajengee wengine." Vijana wa Songea tulikuwa wengi, nafasi chache.

Mimi nilikuwa na haraka kuliko wote. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha, lakini Wajerumani bado walikamata vijana wawabebee mizigo, na mama wa msichana niliyemposa alikuwa ameshatamka: "Binti yangu simpi mpagazi. Leo yupo, kesho kazikwa njiani." Mafundi hawakukamatwa. Nikishindwa mtihani, nimekosa kazi na mke kwa mpigo.

Sasa, kwetu Wangoni mtu na mama mkwe wake hawatazamani. Mkikutana njiani, unaingia porini hata kama kuna upupu. Mimi niliwahi kuingia penye upupu, nikajikuna hadi jioni kwa heshima zote.

Siku ya mtihani nikasimama chini ya daraja langu, meno yakigongana kwa baridi. Wenzangu ukingoni wakanitania, "Tuliamini maji, tukaona. Wewe unaamini miti?" Nikawajibu kwamba miti angalau nimeikata mwenyewe. Wapita njia walisita, kila mmoja akimsubiri mwenzake atangulie. Hatimaye akajitokeza mmoja, kapu la ulezi kichwani. Mama mkwe!

Miguu, kwa mazoea, ikaanza kukimbilia matete. "Ukitoka umeshindwa!" bruda akapaza sauti. Nikabaki. Nilivua shuka begani nikajifunika kichwa. Nilitamani kijito kinimeze, ila kilikuwa cha magotini.

Yaliyofuata nilisimuliwa na wenzangu. Mama mkwe aliona shuka, akanijua. Angeweza kurudi nyumbani na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alinipa mgongo, akaanza kuvuka kinyumenyume, mguu ukipapasa mti mmoja baada ya mwingine. Mimi nilisikia tu miti ikilia juu yangu. Alipofika katikati, juu ya kichwa changu hasa, aligeuka palepale, akamalizia akitazama mbele, mgongo ukiwa kwangu tena. Hakumwaga hata punje.

Bruda akapiga makofi. "Wengine wanaogopa kuvuka wakitazama," akasema. "Mama huyu amevuka bila kutazama! Kijana aingie karakana." Hakuna aliyejisumbua kumweleza mila yetu.

Nilioa baada ya mavuno. Miaka mingi nilijigamba kwa mke wangu kwamba hata mama yake aliliamini daraja langu, naye alicheka tu. Mama mkwe alipozeeka na kuugua, nikamtuma mke wangu amuulize alilionaje daraja siku ile.

Jibu likaja. "Mwambie lilikuwa linatikisika vibaya sana. Lakini ningerudi, na wengine wote wangerudi, naye angekwenda kubeba mizigo."

Nilicheka, kisha nikalia. Nikamwomba mke wangu arudi kwa mama yake, amfikishie shikamoo yangu.