Mtumbwi wa Kuti Bichi

Miaka ile watu walipokuwa wakihamishiwa vijiji vya ujamaa, nilirudi Ujiji kutoka mashamba ya mkonge Tanga. Mama wa binti yangu, ambaye tulikuwa tumeachana, alikuwa ameshaolewa na mvuvi wa dagaa. Mtoto alikuwa na miaka saba, na kila Ijumaa alasiri aliletwa kwangu.

Nilitaka tutengeneze kitu cha sisi wawili tu. Nilikata kuti la mchikichi, nikachonga mtumbwi mdogo kutoka kwenye shina lake, naye akausugua kwa jani la msasa, taratibu kama fundi.

“Nani kakufundisha?”

“Baba.”

“Mimi?”

“Baba wa nyumbani.” Akaugeuza mtumbwi. “Huu bado mbichi, baba. Kuti linakaushwa kwanza.”

Nikasema tutaona. Tulipouweka majini ulilala ubavu, ukazama nusu. Hakunicheka, na hilo liliniuma zaidi.

“Kwetu kuna uchaga juu ya jiko,” akasema. “Baba atauweka kwenye moshi. Ijumaa ijayo utakuwa mkavu.”

Nilitamani kuutupa ziwani. Badala yake niliubeba mwenyewe mpaka kwa yule mvuvi. Aliupima uzito mkononi.

“Umechongwa vizuri, bwana, ila mbichi.”

“Najua,” nikamjibu, kama mtu aliyejua tangu mwanzo.

Nilikuwa nimepanga kurudi Tanga na treni ya Jumatano, kabla ya Ijumaa hiyo. Sikuondoka. Nisingevumilia binti yangu asimame ufukweni na mwanamume mwingine wakiujaribu mtumbwi wetu.