Mtego Niliomtegea Mwizi wa Spiriti

Jamani, ninyi mnaopenda kucheka, leo chekeni mpaka mchoke, kwa sababu aibu hii nimeibeba tangu mwanzoni mwa miaka ya tisini na nimechoka kuwasikia watu wa Koboko wakiisimulia vibaya. Wako wanaosema nilikuwa mlevi. Wallahi sikuwa mlevi, pombe sijawahi kuinywa kwa hiari yangu. Ugonjwa wangu ulikuwa mwingine kabisa: nilikuwa nashuku watu, na nilishuku kwa bidii, kama kazi ya pili niliyoajiriwa bila mshahara.

Nilikuwa mtu wa maabara katika kituo kidogo cha afya pale Koboko. (Maabara ni jina la heshima tu, kilikuwa chumba kimoja chenye meza, dirisha, hadubini moja na mimi.) Nilizaliwa kambini, baba yangu askari, na mwaka sabini na tisa, serikali ya kina baba ilipoangushwa, tulipokimbia kuvuka mpaka nilikuwa mkubwa wa kutosha kuona jinsi jirani anavyoweza kukunyooshea kidole ili yeye apite salama. Tuliporudi nikaenda Arua kusomea kazi, nikapata cheti changu, lakini ile tabia ya kulala jicho moja wazi sikuiacha ng'ambo. Mtu akinisalimia kwa furaha nilijiuliza anataka nini, na asiponisalimia ndiyo kabisa, nilijua ameshafanya.

Basi, spiriti ya maabara ikaanza kupungua. Ilikaa rafuni katika chupa kubwa ya kahawia, na kila asubuhi nikiiinua dirishani naona imeshuka kuliko nilivyoiacha jana, na mimi sijaigusa. Nikasema moyoni, hapa kuna mtu anakunywa. Nikaanza kupima watu kwa macho. Sista Driciru, muuguzi wetu mkuu, mtu wa kijiji cha Onduparaka, timu ya mpira ya kwao ikishinda huko Arua huimba kutwa nzima mpaka wagonjwa wanaomba kuruhusiwa nyumbani; furaha ya namna ile inatoka wapi? Halafu kuna Papa Bahati, mlinzi wetu wa getini, Mkongo aliyehamia upande wetu na mke na watoto. Huyu alitafuna tangawizi tangu asubuhi hadi jioni. Sasa niambieni, mtu asiye na harufu ya kuficha anatafuna tangawizi ya nini? Nikaambiwa kanisa lake halimruhusu kugusa pombe. Hapo ndipo nilipomshuku zaidi.

Nikapata wazo, na wazo lenyewe lilikuwa dogo tu. Nilikuwa na unga wa zambarau, ule tunaotia rangi bakteria (ni ndugu wa ile dawa ya zambarau wanayopakwa watoto wenye vidonda mdomoni), na kila mtu anajua ukikugusa huwezi kuuosha ukatoka. Nikajaza kwanza kichupa changu cha mezani kwa spiriti safi, ile ya kazi, halafu nikamwaga unga ndani ya chupa kubwa, nikaitikisa, nikairudisha rafuni. Chupa ni ya kahawia, rangi haionekani. Anywe sasa, mwizi wangu, tumwone mdomo.

Mtego ni kitu cha kunyamazia, lakini mimi raha ilinizidi nikamnong'oneza Sista Driciru, ili kama ni yeye nimwone akishtuka. Hakushtuka. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Taban, wewe iko na akili ya polisi kabisa!" Kabla ya chai ya saa nne kituo kizima kilikuwa kinajua kwamba mwizi wa spiriti atajulikana kwa mdomo wake, na watu wakawa wananionyesha meno yao nikipita. Nami kwa hasira nikaifungia chupa kabatini, hata Sista alipokuja kuomba spiriti ya sindano nikamwambia hakuna. (Mwizi akitaka, nilijua, atajua pa kupata ufunguo.)

Ijumaa moja asubuhi Dokta Candia akaja kutoka Arua kwa gari, kukagua vituo. Nilimshuku hata yeye, nikadhani amekuja kuichukua hadubini yangu. Hajamaliza hata kushuka garini, Papa Bahati akaingia getini mbio, amembeba binti yake Bahati, yule ambaye jina lake ndilo tunalomwitia baba. Mtoto alikuwa anachemka kwa homa, shingo imekakamaa, mwanga unamuumiza macho.

"Dokta, mutoto yangu hapana geuza shingo. Tangu jana anatapika tu."

Dokta alimlaza, akamtoa maji ya uti wa mgongo kwa sindano, akaanza kumpa dawa palepale bila kungoja mtu. Kisha akanipa kichupa chenye maji yale, yaliyotakiwa kuwa meupe kama ya kisima lakini yalikuwa na ukungu wa usaha, akaniambia polepole ili hata baba wa mtoto asikie: "Bahati nimeshamuanzia dawa. Lakini huyu iko nalala na ndugu zake kwa mkeka moja, na iko nasoma shule. Kama hii bakteria ni ile ya kuruka mtu kwa mtu, leo hii watoto wote wale wapate dawa na mimi nipige redio Arua walete chanjo. Kama ni ile nyingine, tunatibu yeye peke yake. Wewe ndiyo utasema."

Na kusema kwenyewe ni kwa rangi. Nitawaeleza kwa ufupi, maana bila hili hamtaielewa aibu yangu. Bakteria ni kiumbe cha chembe moja, yaani seli moja, kama kijumba, na karibu zote zina ukuta kwa nje. Nyingine ukuta wake ni mnene, nyingine ukuta ni mwembamba umefunikwa na utando wa mafuta. Unazipaka zambarau, unatia ayodini ya kuishikiza ile rangi, halafu unazimwagia spiriti. Zenye ukuta mnene hubaki na zambarau yake, zenye ukuta mwembamba huoshwa zikabaki hazina rangi, basi unamalizia kwa nyekundu ili nazo zionekane. Katika maji ya mgongo, ukikuta zimekaa mbilimbili na ni za zambarau, ni ile ya nimonia. Zikiwa mbilimbili na nyekundu, ndiyo ile inayoruka kutoka mtoto hadi mtoto. Spiriti ndiyo hakimu.

Nikaingia maabara, nikakausha tone kwenye kioo, nikatia zambarau, nikatia ayodini, nikashika kichupa changu cha spiriti, kitupu! Nikafungua kabati nikatoa chupa kubwa. Wakati ule tulikuwa tunavuta dawa kwa mdomo, unatia mrija wa kioo chupani unanyonya kidogo kidogo, unaziba kwa kidole, na jicho lako linakaa kwenye mrija. Jicho langu halikukaa kwenye mrija. Papa Bahati alikuwa amesimama mlangoni kimya, ananitazama, na mimi (Mungu anisamehe) nikawaza: anaitazama chupa! Hata leo, mtoto wake yuko kitandani, anaitazama chupa! Nikamkazia macho nikiwa nanyonya, spiriti ikapanda yote ikanijaa mdomoni. Nikaitema kwenye sinki, nikapangusa midomo kwa mkono. Mkono ulikuwa na zambarau, lakini mkono wa mtu wa maabara una zambarau siku zote, sikujali. Na mtego wangu wenyewe? Ulikuwa umenitoka kichwani kama haujawahi kuwepo.

Nikavuta tena, nikaosha kioo, nikamalizia kwa nyekundu. Chini ya hadubini nikaziona, mbilimbili, zambarau tupu. Nikatoka barazani kifua mbele. Hapo walikuwepo Dokta, Sista, mama yake Bahati, majirani waliomsindikiza na wagonjwa wa foleni.

"Dokta, ni za zambarau. Ni ile ya nimonia, haina kuruka."

Wote walikuwa wananitazama mdomo. Halafu Sista Driciru akapiga makofi: "Mungu wangu! Mwizi ya spiriti ndiyo hii!"

Baraza zima likaangua kicheko, mzee mmoja mwenye mguu wa bandeji alicheka mpaka akaangusha fimbo, na mimi nimesimama pale na midomo ya zambarau na ulimi wa zambarau (niliutoa ili nihakikishe, jambo ambalo lilizidisha mambo), nikisema "si mimi, si mimi," na kila nikisema meno nayo yanaonekana. Watatu tu hawakucheka. Papa Bahati na mkewe, na Dokta, ambaye alikuwa ameshaingia ndani kuangalia kioo. Akaniita.

"Taban, angalia chembe za usaha. Ni rangi gani?"

Nikaangalia. "Zambarau, Dokta."

"Hizo ni chembe za mtu. Chembe ya mtu iko na ukuta?"

"Haina, Dokta. Ina utando tu."

"Sasa hiyo zambarau imeshika wapi?"

Kitu kisicho na ukuta kilitakiwa kuoshwa na spiriti kikawa chekundu, na hapa kila kitu kilikuwa zambarau, usaha, bakteria, hata uchafu wa kioo, kwa sababu nilichooshea ndicho kilichokuwa kinapaka rangi. Nikamweleza habari ya mtego, na kwa kuwa dirisha lilikuwa wazi, nililieleza baraza zima. Safari hii hawakucheka. Mama yake Bahati aliuliza kwa sauti ndogo, "Sasa batoto bangine?" akiwawaza wale wa mkeka mmoja.

Dokta aliinua chupa ile, akaitazama mdomoni. Kizibo chake cha kioo kilivunjika zamani na mimi mwenyewe ndimi niliyeiziba kwa pamba. "Na hii joto ya Koboko? Spiriti imeruka hewani, bwana. Hakuna mtu amekunywa." Afadhali angenipiga kofi.

Maji ya mgongo yalikuwa yamebaki tone moja hivi, yanatosha kioo kimoja tu. Spiriti safi haikuwepo kituo kizima, garini mwa Dokta haikuwepo. Sista akasema yuko mama mmoja njia ya Oraba anayepika waragi, ile gongo yetu, na ile ya kwanza kutoka kwenye mtungi ni kali hata inawaka moto. Nani aende? Wote wakanitazama tena mdomo.

Nikaenda. Ijumaa, jamani, na watu ndiyo wanatoka msikitini. Nilipokuwa narudi nimeikumbatia chupa ya waragi kifuani ili isimwagike, nikakutana uso kwa uso na baba mdogo wangu, mzee aliyekuwa sajini, mtu ambaye hata soda huinusa kwanza. Akaitazama chupa. Akautazama mdomo.

"Taban."

"Baba mdogo, hii ni dawa."

"Naona. Umekwisha kunywa nusu." Akaenda zake, na habari ikafika nyumbani kabla yangu, mke wangu akaipata ikiwa imeshaongezewa nyama.

Kituoni Dokta aliiwasha kidogo kwenye kijiko, ikawaka moto wa bluu. Akakunja mikono ya shati akaketi mahali pangu. Ilikuwa haki yake, nilishasogea pembeni. Lakini Papa Bahati akazungumza kutoka mlangoni, palepale alipokuwa amesimama tangu asubuhi.

"Hapana, Dokta. Acha yeye afanye."

Dokta akageuka. Hata mimi, nitawaambia ukweli, wazo langu la kwanza lilikuwa: huyu anataka nini? Lakini Dokta aliinuka.

Nikatia zambarau, nikatia ayodini, nikamwaga waragi tone kwa tone nikitazama maji yanavyotoka kwenye kioo mpaka yakawa safi, nikatia nyekundu. Sikutazama mtu. Chembe za usaha zikatokea nyekundu, zimetulia, na ndani yake, mbilimbili kama maharage yaliyotazamana, bakteria. Nyekundu. Dokta akaangalia, akakimbilia redio.

Jioni ile ndugu zake Bahati wa mkeka mmoja na watoto wa majirani walimeza dawa wakiwa wamepangwa barazani, na chanjo ikafuata kutoka Arua kwa ajili ya shule. Mdogo wao mmoja alishaanza homa siku ileile, aliwahiwa. Bahati alilala muda mrefu kisha akaamka akaomba muhogo.

Mimi zambarau ilinikaa mdomoni wiki nzima. Nilikuwa natembea na kitambaa usoni kama mwenye jino bovu. Siku Bahati alipotoka kitandani nilijikaza nikaenda getini, nikamuuliza Papa Bahati kwa nini siku ile alinichagua mimi, mtu aliyemshuku mwaka mzima na akaharibu kipimo cha mtoto wake mbele ya watu. Alitafuna tangawizi yake kwanza.

"Kioo ya kwanza," akasema, "weye ulikuwa naangalia mimi. Mimi nilikuwa nataka uangalie mutoto."

Sijategea mtu mtego tena, hata panya huwa namwachia mke wangu. Tabia yenyewe haijaisha, siwadanganyi, sasa hivi nimeona mmoja wenu anavyoiangalia sukari yangu ya chai. Lakini nikishika mrija, aingie mlangoni nani, hata mwizi mwenye ngazi begani, mimi simtazami.