Duara Ndiyo, Eksi Hapana

Kwetu Kitale gemu tulizozoea zilikuwa za Wazungu. Unawekwa katikati ya mji, gari hili hapa, na hakuna anayekuuliza unaenda wapi. Ukikubali jambo unafinya kitufe chenye alama ya eksi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilijiona fundi.

Ndipo nikaenda Bungoma kumtembelea dada yangu. Mumewe, karani wa serikali asiyekosa kalamu mbili mfukoni, alikuwa amepata mashine ya gemu iliyotoka Japani, pamoja na diski moja yenye maandishi ya Kijapani matupu. Hakujua hata neno moja. Alinunua daftari la hesabu, akawa anachora zile herufi na kuandika kando alichogundua: hii ni dawa, hii ni kuuza, hapa usiguse. Aliendelea hivyo miezi minane, kila jioni akitoka kazini.

Nilimcheka kimoyomoyo. Gemu gani hii ya kutembea kijijini ukiamkia watu? Mlimani hupandi mpaka uzungumze na bibi wa kisimani mara tatu. Hata kuhifadhi ulipofika, lazima kwanza uifikie taa fulani kando ya njia. Mzungu hukupa ufunguo wa gari. Mjapani hukukalisha kwanza unywe chai. Mimi chai sikuwa na haja nayo.

Jumamosi moja shemeji alienda mji wa Kwanza kununua mahindi, akaniachia mashine.

"Anza yako mpya," aliniambia. "Duara ndiyo, eksi hapana. Na ukifika kwa taa, itatokea orodha ya safari zilizohifadhiwa; ule mstari wa juu ni wangu, bana. Usiguse."

Nilicheza kama saa mbili. Nilipoiona taa nilifurahi kupita kiasi, nikachagua mstari wa kwanza ulionijia. Likatokea swali la herufi zile zile nisizozijua. Kidole changu cha Kitale kikafinya eksi kabla sijafikiri, na swali likatoweka. Hapo ndipo nilipokumbuka mstari wa juu ni wa nani. Nikazima mashine, na sikuthubutu kuiwasha tena.

Niliogopa, sifichi. Dada alipakua ugali na mboga ninayoipenda, lakini niliuacha sahanini. Miezi minane ya mtu mzima, na daftari lake lote, nimeifuta kwa kidole kimoja.

Shemeji aliporudi sikungoja avue viatu, nilimweleza yote. Akauliza, "Hilo swali lilipokuja, ulifinya gani?"

"Eksi."

"Una hakika si duara?"

"Ni eksi, shemeji. Ni mazoea tu."

Akashusha pumzi. "Basi ulikataa."

Akawasha mashine. Mstari wa juu ulikuwepo, na safari yake yote ndani yake. Nilicheka huku machozi yakinitoka.

"Si shuleni ukikosa mwalimu alikuwa anakuwekea eksi?" akasema. "Wajapani nao wanasahihisha hivyo hivyo. Ni hizo gemu za Kitale zilikuharibu."

Akafungua daftari, akalichora lile swali, akaandika kando: kufuta ya zamani? Kisha akanitazama. "Na yako je?"

"Haikuhifadhiwa."

Akanipa vidhibiti mkononi. "Anza tena. Mstari wa pili ni wako."

Nilianza upya, na safari hii nilimwamkia kila mtu pale kijijini.